BENEDICTO KIWANUKA: SAJINI-MEJA ALIYEKUWA JAJI MKUU

Wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi, hususan wale wapatao zamu katika barabara kuu ipitayo hapa Kajaga kuelekea Gatumba na mpaka wa Kongo, wanaujua kuliko raia wengi uzito wa neno kukamata. Raia hulitamka neno hilo kama atamkavyo neno jingine lolote. Askari huliona limo mikononi mwake. Kwa ajili hiyo tumeonelea kueleza leo maisha ya mtu aliyepata kuvaa sare kama wao, akapanda cheo hata akawa sajini-meja, kisha akawa mwanasheria, kiongozi wa chama, Waziri Mkuu, mfungwa wa kisiasa, na mwishowe Jaji Mkuu wa nchi yake. Mtu huyo alichukuliwa na wenye silaha kutoka katika Mahakama Kuu aliyoiongoza mwenyewe, wala hakurudi. Naye ni hayati Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka wa Uganda.

Wengi wamemwandika kwa ajili ya kifo chake. Sisi twapenda kutazama pia jambo lililotangulia kifo hicho, nalo ni namna alivyopewa kiti cha Jaji Mkuu: nani alimpa, wakati gani, na kwa hesabu gani. Maana kiti hicho kilikuwa wazi katika siku ambazo wananchi wa Uganda walikuwa wameahidiwa uchaguzi, na aliyekalishwa juu yake alikuwa mmoja wa watu wachache ambao wangeweza kuushinda.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 upande wa Masaka, katika ufalme wa Buganda, na wazazi wake walikuwa Wakatoliki. Hatutaji dini hapa kwa kupenda kuchimba mambo ya dini. Katika Buganda ya siku zile, baada ya vita vya madhehebu vya mwishoni mwa karne ya 19, vyeo viligawanywa kwa kufuata dini, na Waprotestanti wakapata fungu lililo kubwa. Cheo cha Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, kilikuwa chao. Mtoto wa Kikatoliki aliyeketi darasani Villa Maria, na baadaye Nsambya, alijifunza mapema kwamba kuna milango ambayo elimu peke yake haiifungui.

Mwaka 1942, akiwa na miaka 20, aliingia jeshini. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inawaka, na Waingereza walikuwa wakiandikisha vijana kotekote Afrika Mashariki. Kiwanuka aliwekwa katika Pioneer Corps, kikosi cha kazi za kujenga, kuchukua na kuhudumia majeshi, akatumika Kenya, Misri na Palestina. Si kikosi kilichoimbwa sana katika nyimbo za vita, lakini bila watu wa namna hiyo hakuna jeshi liwezalo kusogea maili moja. Huko alifikia cheo cha sajini-meja, cheo cha mtu ambaye ofisa humtazama anapotaka kujua kama amri itatekelezwa, na ambaye mdogo humtazama anapotaka kujua kama amri ni ya kweli. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa waandishi wengi hulipita kwa haraka. Mtu ambaye baadaye aliwaambia askari mpaka wa mamlaka yao ulipo hakuwa mgeni wa kambi.

Aliachwa jeshini mwaka 1946, akapata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda. Kazi ya mkalimani wa mahakama ni shule kubwa kwa mtu mwenye masikio. Kila siku husimama kati ya jaji asiyejua lugha ya mshtakiwa na mshtakiwa asiyejua lugha ya jaji, akaona jinsi neno moja likigeuzwa vibaya linavyoweza kumpeleka mtu gerezani. Kiwanuka hakuridhika kuwa kinywa cha wengine. Mwaka 1950 alisafiri mpaka Basutoland, nchi iitwayo leo Lesotho, akasoma katika Chuo cha Pius XII huko Roma ili apate sifa za kuingia chuo kikuu. Kutoka huko alikwenda London, akasomea sheria, na mwaka 1956 akakubaliwa kuwa wakili katika Gray's Inn. Alirudi nyumbani akiwa na miaka 34, akafungua shughuli zake za uwakili.

Siasa hazikumwacha muda mrefu. Chama cha Democratic Party, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikuwa na mizizi yake hasa miongoni mwa Wakatoliki waliochoka kubaguliwa. Mwaka 1958 Kiwanuka alichaguliwa kuwa Rais wa chama hicho. Alijitahidi kukitoa katika kivuli cha kanisa na kukipeleka pande zote za nchi. Waliomjua humweleza kuwa mtu mnyofu na mgumu, mwenye kusema jambo lake waziwazi na asiyejua kupindapinda maneno ili kumpendeza mkubwa. Tabia hiyo ilimpa heshima, na pia ilimpa maadui wengi.

Uchaguzi wa mwezi Machi 1961 uliyadhihirisha hayo yote mawili. Serikali ya Kabaka huko Mengo iliwaamuru Waganda wasijiandikishe wala wasipige kura, kwa kuhofu kwamba ufalme ungemezwa na Uganda moja. Kiwanuka, Mganda wa kawaida asiye wa ukoo wa kifalme, alikataa kuitii amri hiyo. Watu wachache sana wa Buganda walipiga kura, na kwa kura hizo chache chama chake kilitwaa karibu viti vyote vya Buganda. Kwa jumla kilipata viti 43, hali chama cha UPC cha Bwana Milton Obote, kilichopata kura nyingi zaidi nchini, kilipata viti 35. Hivyo Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi mwaka 1961, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

Mwaka huo wa 1961 sisi Warundi hatuwezi kuusahau. Ndio mwaka ambao Mwanamfalme Louis Rwagasore aliongoza Uprona kushinda uchaguzi wa mwezi Septemba, naye akauawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba, kando ya ziwa hili hili la Tanganyika linalopiga mawimbi Kajaga. Tunawataja pamoja kwa sababu moja tu: wote wawili walipata madaraka kwa kura kabla ya uhuru, na hakuna hata mmoja aliyekuwa madarakani siku bendera ya nchi yake ilipopandishwa.

Kiwanuka aliondolewa kwa hesabu wala si kwa risasi. Obote alifanya mapatano na Mengo. Chama kipya cha Kabaka Yekka kilisimama Buganda, na ikakubaliwa kwamba wabunge wa Buganda wachaguliwe na Lukiko, yaani Baraza la Kabaka, badala ya kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Katika uchaguzi wa Aprili 1962 UPC ilipata viti 37, Democratic Party 24, na Kabaka Yekka 21. Waliounganika wakaunda serikali. Kiwanuka mwenyewe hata kiti cha ubunge hakupata, maana Lukiko haikuwa na haja ya mtu aliyekataa amri yake. Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ilipopata uhuru, Waziri Mkuu alikuwa Obote.

Miaka iliyofuata tutaipita kwa haraka, si kwa kuwa ni myepesi bali kwa kuwa inajulikana. Mapatano ya Obote na Mengo yalivunjika. Mwaka 1966 Obote aliiondoa katiba ya uhuru, na mwezi Mei mwaka huo jeshi lililoongozwa na Idi Amin likaishambulia ikulu ya Kabaka. Mutesa akakimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 iliurefusha uhai wa Bunge bila ya wananchi kuulizwa. Mwezi Desemba 1969 Obote alipigwa risasi akajeruhiwa; baada ya hapo vyama vingine vikapigwa marufuku, na Kiwanuka, ambaye mwaka huo huo alikuwa amekwisha kushtakiwa kwa uchochezi, akawekwa kizuizini.

Katika mambo ya miaka hiyo liko moja ambalo hatuna budi kulisimamia kidogo, kwa kuwa ndilo ufunguo wa yaliyofuata. Mwaka 1966 chifu mmoja wa Buganda, Michael Matovu, aliwekwa kizuizini, naye akaomba Mahakama Kuu imwachilie. Maombi ya namna hiyo ni ya zamani sana katika sheria ya Kiingereza. Mtu akishikwa, wakili wake au jamaa yake huenda kwa jaji na kula kiapo kwamba fulani anazuiliwa mahali fulani. Jaji humwamuru aliyemzuia, awe mkuu wa gereza au kamanda wa kambi, amlete mtu huyo mbele yake na aonyeshe hati anayomshikia. Jaji haulizi kama mtu ni mwema au mwovu, wala kama anaipenda serikali au anaichukia. Huuliza hati tu. Ikiwapo na ikiwa halali, mtu hurudishwa kizuizini. Isipokuwapo, mtu huenda zake nyumbani, na mlinzi hana la kujibu hata kama ana nyota nne begani.

Katika shauri la Matovu, Jaji Mkuu Sir Udo Udoma, Mnijeria, na wenzake walijikuta wakiulizwa swali kubwa zaidi: je, katiba mpya ya Obote, iliyowekwa kwa kuivunja ile ya kwanza, ni sheria? Walijibu kwamba ndiyo, kwa kuwa mapinduzi yaliyofaulu na kutiiwa huzaa sheria yake. Wanasheria wanaendelea kulijadili jibu hilo hata leo. Kwa upande wetu twaona kwamba liliwafundisha wenye bunduki somo la hatari, nalo ni kwamba wakifaulu, mahakama itawafuata.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alilitumia somo hilo. Obote alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Jeshi lilitwaa serikali, na Amin akawaambia wananchi kwamba yeye ni askari, si mwanasiasa, na kwamba serikali yake ni ya muda tu mpaka uchaguzi ulio huru ufanyike. Aliwafungulia wafungwa 55 wa kisiasa, Kiwanuka akiwa mmoja wao. Aliuleta mwili wa Mutesa kutoka Uingereza, ukazikwa mwezi Aprili kwa heshima za kifalme, na Buganda yote ikamshangilia.

Lakini ahadi ya uchaguzi ilikwisha kuanza kurudi nyuma. Shughuli za kisiasa zilisimamishwa. Na hapo ndipo kiti cha Jaji Mkuu, alichokuwa akikalia Mwingereza, Sir Dermot Sheridan, kilipohitaji mtu. Tarehe 27 Juni 1971 Amin akamteua Benedicto Kiwanuka, na kwa mara ya kwanza Mganda-nchi, yaani mzaliwa wa Uganda, akaongoza mahakama za Uganda.

Hesabu ya Amin si ngumu kuisoma. Kwa uteuzi mmoja aliwapendeza Wakatoliki, ambao walihesabu miaka mingi ya kunyimwa. Aliwapendeza Waganda, hata wale waliomchukia Kiwanuka mwaka 1961, kwa kuwa wote walikuwa wameonja gereza la Obote. Aliwapendeza Waingereza, ambao walitaka kuona katika kiti hicho mtu aliyesoma kwao. Na juu ya yote hayo, alimtoa uwanjani kiongozi aliyekwisha kushinda uchaguzi mmoja. Jaji Mkuu hapandi jukwaani kuomba kura. Kama siku ya kura ingefika, mpinzani mkubwa angekuwa amevaa joho, na desturi ya joho ni kukaa kimya.

Haikosi kuwa Kiwanuka aliiona hesabu hiyo, maana hakuwa mjinga wa siasa. Wako waliosema hakupaswa kukubali, na siku ya uteuzi hoja yao ilikuwa na uzito. Alikuwa kiongozi wa chama, hakupata kuwa jaji hata siku moja, na aliyempa kiti alikuwa mtu aliyetwaa nchi kwa vifaru. Nani angeamini kwamba angehukumu bila upendeleo kati ya rafiki zake wa jana na maadui zake wa jana? Tunavyopima sisi, aliitumaini ahadi ya kwamba jeshi litarudi kambini, na aliona ya kuwa likirudi au lisirudi, nchi itahitaji mahakama iliyosimama. Katika nusu ya kwanza ya matumaini hayo alikosea.

Hadithi ya namna hii haikuanzia Kampala. Marekani, Rais John Adams alishindwa uchaguzi wa mwaka 1800, naye kabla ya kuondoka akamteua waziri wake, John Marshall, kuwa Jaji Mkuu mwezi Januari 1801, ili chama kilichoshindwa kibakiwe na mtu mahakamani. Marshall naye alikuwa askari wa zamani, aliyepigana chini ya Washington. Alikikalia kiti hicho miaka 34, hata alipokufa mwaka 1835, na hakuna anayemkumbuka leo kama mtu wa chama cha Adams. Hukumbukwa kama jaji aliyeipa mahakama ya nchi yake nguvu ya kulinda katiba. Lakini Marshall hakuwa na kikosi cha askari mlangoni pake. Kiwanuka alikuwa nacho.

Maana wakati huo huo sheria za Uganda zilikuwa zikigeuzwa kwa amri za Rais. Amri nambari 13 ya mwaka 1971 iliwapa askari wa jeshi mamlaka ya kukamata raia kwa makosa fulani, kazi ambayo desturi na mafunzo viliiweka mikononi mwa polisi. Mwaka 1972 amri nyingine ikazuia serikali na watu wake kushtakiwa kwa mambo yaliyotendwa katika kulinda usalama. Askari polisi watatuelewa hapa kuliko wengine. Polisi wa Uganda walikuwa na vitabu vya kuandika nani ameletwa, saa ngapi, na nani, na kwa kosa gani. Kambi za jeshi hazikuwa na vitabu hivyo. Mtu aliyeingizwa Makindye hakuandikwa popote, na asiyeandikwa hatafutiki.

Jambo moja lingetosha kuwa onyo. Mwezi Julai 1971 Wamarekani wawili, Nicholas Stroh na Robert Siedle, walitoweka walipokwenda kuuliza habari za mauaji katika kambi ya Simba huko Mbarara. Jaji David Jeffreys Jones alipewa kazi ya kuchunguza. Alizungushwa na kuzuiwa na maofisa, akaendelea, na alipoona hali inakuwa ya hatari akaondoka nchini akaituma ripoti yake kutoka Kenya. Ripoti hiyo ilisema kwamba watu wale waliuawa na askari wa kambi ile. Jeffreys Jones alikuwa Mwingereza na aliweza kuondoka. Jaji Mkuu wake hakuwa na nchi nyingine.

Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wametoka Uganda, na hali ya nchi ikachafuka. Katika siku hizo mfanyabiashara Mwingereza, Daniel Stewart, alikamatwa na askari akawekwa katika gereza la jeshi la Makindye. Wakili wake alikwenda Mahakama Kuu na yale maombi ya zamani tuliyoyaeleza. Shauri lilifika mbele ya Jaji Mkuu mwenyewe. Mapema mwezi Septemba Kiwanuka aliamua kwamba kuzuiliwa kwa Stewart hakukuwa halali, kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata, na kwamba aachiliwe. Stewart aliachiliwa.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Halikuwa shauri la kumwondoa Rais wala la kutangaza uchaguzi. Mtu mmoja, tena mgeni, hakuwa na hati, na jaji akasema asiye na hati aende zake. Lakini uamuzi huo uligusa kila lindo na kila gari la doria katika Uganda, kwa kuwa kama Stewart alishikwa bila sheria, basi mamia ya Waganda waliokuwa Makindye nao walishikwa bila sheria, na kila mmoja wao alikuwa na jamaa awezaye kutafuta wakili. Baada ya shauri la Matovu mahakama ilionekana kuwafuata walioshinda. Sasa yule aliyewekwa na washindi alikuwa anawauliza hati.

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania. Uvamizi ulishindwa kwa siku chache, lakini Amin alipata kisingizio alichohitaji. Waliotuhumiwa kuwa na uhusiano na wavamizi walianza kuokotwa mmoja mmoja. Basil Bataringaya, aliyepata kuwa waziri wa Obote, aliuawa Mbarara. Joseph Mubiru, aliyekuwa Gavana wa Benki ya Uganda, alitoweka. Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, akatoweka vilevile.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wenye silaha, waliovaa kiraia, waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala wakamchukua Jaji Mkuu mchana kweupe, mbele ya watumishi wake. Walioandika habari hizo wamesimulia kwamba alitiwa pingu na kuvuliwa viatu, akasukumwa katika gari. Hakuna hati iliyoonyeshwa. Habari nyingi zaeleza kwamba alipelekwa Makindye, mahali pale pale alikotolewa Stewart kwa amri yake, na kwamba aliuawa siku chache baadaye. Serikali ilisema haihusiki. Ilidai kwamba wafuasi wa Obote ndio waliomteka. Hakuna aliyeyaamini maneno hayo, na kwa kweli hayakusemwa ili yaaminiwe.

Tungependa askari msomaji alitazame jambo moja. Kuna watu waliokwenda mahakamani asubuhi ile kwa kuwa walitumwa. Bila shaka waliambiwa kwamba huyu ni adui, kwamba nchi imevamiwa, kwamba huu si wakati wa karatasi. Maneno hayo husemwa katika kila jeshi siku za hatari, na mara nyingine huwa na ukweli ndani yake, kwa maana uvamizi ulikuwapo. Lakini mtu waliyetumwa kumchukua alikuwa na afisi inayojulikana, saa za kazi zinazojulikana na nyumba inayojulikana. Kama palikuwa na shtaka juu yake, polisi mmoja mwenye hati angetosha. Waliotumwa bila hati walitumwa kwa sababu hapakuwa na shtaka.

Kiti hakikukaa wazi. Mwaka huo huo wa 1972 Samuel Wako Wambuzi aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu, na kwa bahati njema aliishi, akarudi katika kiti hicho mara mbili zaidi baada ya Amin kuondoka. Mwaka 1974, kelele za nje zilipozidi, Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliotoweka, ikiongozwa na Jaji Mohamed Saied. Tume ilipokea habari za watu 308 na ikavitaja vikosi vya usalama kuhusika. Ripoti yake haikutangazwa, na hakuna mkubwa aliyehukumiwa kwa ajili yake. Mwaka 1975 Saied mwenyewe akawa Jaji Mkuu.

Na uchaguzi ulioahidiwa mwaka 1971? Haukufanyika wakati wote wa Amin. Yeye alijitangaza kuwa Rais wa maisha, na akaondolewa mwezi Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Wananchi walipiga kura mwezi Desemba 1980, miaka 18 baada ya kura ya mwisho, na hata uchaguzi huo ulileta ugomvi na vita mpya. Democratic Party iliingia katika uchaguzi huo ikiongozwa na Paul Ssemogerere. Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, mwezi Agosti 2003, pasipo kusimamishwa mbele ya jaji yeyote.

Barabara moja katikati ya Kampala ina jina la Ben Kiwanuka. Tangu mwaka 2018 mahakama za Uganda huandaa mhadhara wa kumkumbuka, unaohudhuriwa na majaji na mawakili, na tarehe yake ni 21 Septemba, siku aliyochukuliwa. Siku aliyokufa hakuna ofisa aliyeiandika, na mwili wake haukurudishwa kwa jamaa zake.